Jinsi ya kupiga picha za ndani ya nyumba kwa simu zikavutia: mwongozo kamili kwa wapambaji, mafundi pazia na wenye vyumba vya wageni

Kuna mafundi pazia na wapambaji wa nyumba hapa mjini wana mikono ya dhahabu kabisa, ukiingia kwenye sebule waliyoitengeneza unatamani usitoke, afu ukifungua ukurasa wao unakuta picha ya giza, kabati limepinda, dirisha limekuwa jeupe pee na ukuta wa krimu umegeuka manjano. Mteja anapita tu. Inaniuma sana hii kitu kwa sababu mara nyingi tatizo sio simu, simu ya kawaida ya miaka hii inatosha kabisa, tatizo ni kwamba mtu anaingia chumbani, anawasha taa zote, anasimama mlangoni, ananyanyua simu usawa wa macho, anapiga. Hapo taa zimeharibu rangi, mlango umeharibu engo na macho yameharibu mistari.

Tuchukue sebule moja ya kawaida ya Dar tuende nayo mpaka mwisho. Mita 4 kwa 4 hivi, dirisha moja kubwa la aluminiamu lenye nondo, sakafu ya taili nyeupe zinazong'aa, kochi la kona la kahawia, tivii ukutani, dari ya jipsamu yenye zile taa za kamba za bluu. Nyumba za hivi ziko nyingi na ndo ngumu kupiga, ukiiweza hii utaweza karibu zote.

Anza na dirisha, simu iache mfukoni

Jicho lako linaweza kuangalia dirisha lenye jua na kona ya giza kwa wakati mmoja ukaona vyote, simu haiwezi, lazima ichague. Ikifuata dirisha, chumba kinakuwa giza, ikifuata chumba, dirisha linaungua. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kupunguza ugomvi kati ya nje na ndani, na dawa yake kubwa ni saa unayochagua kupiga.

Jua la kwetu linapanda haraka. Saa 6 mchana liko juu kabisa, nje kunawaka na ndani kunabaki na vivuli vikali. Muda mzuri ni saa 2 mpaka saa 4 asubuhi, au saa 10 mpaka saa 11 na nusu jioni, lakini inategemea dirisha linaangalia wapi. Dirisha la mashariki linapigwa na jua moja kwa moja asubuhi, basi wewe nenda jioni. La magharibi, nenda asubuhi. Unachotaka ni mwanga unaoingia bila jua lenyewe kuingia. Madirisha ya kaskazini na kusini yana siri yake ambayo watu hawaijui: Dar iko kusini ya ikweta karibu digrii 7, kwa hiyo kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 9 jua la mchana linaegemea kaskazini na dirisha la upande huo linaweza kuingiza jua, na mwezi wa 11 mpaka wa 1 linaegemea kusini. Ukienda kwa mteja muulize kabla dirisha la sebuleni linaangalia wapi, au mwambie akutumie kavideo kafupi saa unayotaka kwenda, utajua yote.

Siku ya mawingu usiahirishe. Wapiga picha wa nyumba wanaipenda sana siku ya hivyo, wingu linasambaza mwanga unaingia laini na dirisha haliungui. Na kama jua limeshaingia na huna namna, funga zile pazia nyepesi za neti, acha nzito zimekaa pembeni.

Sasa taa. Zima. Najua mteja ametumia hela nyingi kwenye jipsamu na taa zake na anataka zionekane, tutazipiga baadaye peke yake. Mwanga una rangi na inapimwa kwa kelvini, balbu ya njano iko kama 2700 mpaka 3000, mwanga wa mchana kama 5500, zile balbu nyeupe za kibluu zinafika 6500. Ukichanganya zote kwenye chumba kimoja simu inasahihisha moja tu, zingine zinabaki kama madoa, ukuta mmoja wa njano mwingine wa bluu, na hakuna filta itakayokuokoa hapo. Zile taa za kamba za bluu ndo mbaya kuliko zote maana zinapaka rangi dari nzima na sehemu ya ukuta. Mwanga wa dirisha peke yake, ukuta wa krimu unabaki krimu.

Mteja aking'ang'ania taa, rudi jioni jua likiwa limezama ila anga bado ina bluu, ni kama robo saa tu hiyo, washa taa za njano pekee piga picha zako chache. Hapo utakutana na michirizi myeusi inayokatiza picha. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50 na balbu nyingi za LED za bei rahisi zinawakawaka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila simu inaona. Ingia kwenye kamera ya simu sehemu ya pro, weka spidi (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, michirizi inaisha au inapungua sana.

Panga chumba kwa ajili ya picha

Chumba kisafi sio lazima kiwe chumba kinachopigika. Ukikaa ndani kwa muda jicho linazoea vitu, simu haizoei. Piga picha moja ya majaribio ukiwa bado hujagusa kitu, afu iangalie kwenye skrini kona hadi kona, utaona waya wa ekstensheni, rimoti tatu, kalenda ya mwaka jana, ndala chini ya kochi, chaja kwenye soketi, dumu la maji nyuma ya mlango. Toa. Wala usisukume pembeni, toa nje ya chumba kabisa.

Meza ya kati iachie vitu viwili vitatu tu. Feni izimwe isubiriwe isimame kabisa. Taili zipigwe deki na zifutwe na kitambaa kikavu, maana taili nyeupe inayong'aa inaonyesha kila mchirizi wa deki mwanga wa dirisha ukiilalia. Mito ya kochi iache imetuna, ipige ngumi za pembeni ikae vizuri, isipangwe mingi mpaka kochi lenyewe lisionekane, we unauza kochi au mito? Tivii ikizimwa inakuwa kioo cheusi, wewe na simu yako mtatokea humo ndani, kwa hiyo usisimame mbele yake moja kwa moja, simama kwa ubavu.

Pazia nataka nizizungumzie kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaopiga hizi picha wanauza pazia, na ndo kitu kigumu kupiga kuliko vyote. Tatizo lake ni hili: pazia iko mbele ya mwanga. Ukisimama ndani ukapiga kuelekea dirishani kitambaa kinakuwa kivuli tu, rangi haionekani, marinda hayaonekani, kazi yote ya fundi imepotea. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta mwanga wa pili unaotokea upande mwingine, fungua mlango wa mbele, fungua dirisha la ukuta mwingine kama lipo, ili kitambaa kipate mwanga usoni na sio mgongoni tu. Ya pili ni ubao mweupe. Nunua lile povu gumu jeupe la kufungashia vitu, wengine wanaliita stairofomu, au karatasi kubwa za manila nyeupe uzigande kwenye boksi, mtu akushikie nyuma yako kidogo pembeni liangalie dirisha, mwanga unaotoka dirishani unagonga pale unarudi kwenye pazia. Usizarau hiki kitu, tofauti unaiona kwa macho kabla hata hujapiga.

Afu marinda yenyewe. Anzia juu kwenye fimbo, shika rinda moja moja kwa vidole lifuate mpaka chini, yote yalingane upana. Upindo wa chini ulale sawa na sakafu, usiache upande mmoja umening'inia. Mikunjo ya kukunjwa dukani ipigwe pasi ikiwa imeshatundikwa, ya mvuke ndo rahisi. Na usifunge pazia yote wala kuifungua yote, acha imevutwa nusu hivi ili mwanga uingie kwa ubavu ukalie kwenye marinda, upande mmoja wa rinda uwe na mwanga mwingine kivuli kidogo. Hapo mtu akiangalia picha anajua kitambaa ni kizito au chepesi bila kuambiwa.

Simama wapi, shika simu vipi

Futa lenzi kwanza. Kwa shati la pamba tu inatosha, lenzi yenye mafuta ya vidole inatoa ukungu na ukikaa unaelekea dirisha ndo inazidi.

Washa gridi kwenye mipangilio ya kamera, ile mistari ya msalaba. Sasa teremsha simu. Usawa wa macho yako ukiwa umesimama ni juu sana kwa sebule, unaona migongo ya makochi na sakafu kubwa, na bila kujua unainamisha simu chini. Weka kati ya kitovu na kifua, kama mita 1.2 kutoka chini, na simu ikae wima kabisa, isilale nyuma wala mbele. Hii ndo siri ya kuta kunyooka. Ukiielekeza simu juu kidogo tu kutafuta dari, kuta zinakutana juu, ukiiinamisha zinakutana chini. Angalia ukingo wa mlango au kona ya ukuta, ulinganishe na mstari wa gridi, vikienda pamoja umepatia. Kama dari haijatosha usiielekeze simu juu, ipandishe yote ikiwa bado wima, au rudi nyuma.

Engo ya kwanza iwe kona. Kwenye sebule yetu nenda kona iliyo mkabala na kochi, mgongo uguse ukuta, na dirisha likae ubavuni mwako, kulia au kushoto. Mwanga wa ubavuni ndo unaonyesha umbo la vitu, mgongo wa kochi, mshono wa mto, nywele za zulia. Dirisha likiwa nyuma yako kila kitu kinakuwa bapa. Engo ya pili simama katikati ukiangalia ukuta mmoja ana kwa ana, mfano ukuta wa tivii, lakini hapo simu ikikosea digrii mbili tu inaonekana, tumia stendi.

Stendi ya miguu mitatu inunue mapema hata iwe ya bei ndogo, kwa mwanga mdogo wa ndani simu inapunguza spidi na mkono unatetemeka. Weka taima ya sekunde 3 usiguse simu wakati inapiga.

Ile lenzi pana ya 0.5 tuongelee. Inajaribu sana maana chumba kinaonekana ukumbi, ila inavuta vitu vya pembeni, kochi lililoko ukingoni linarefuka, meza ya duara inakuwa yai. Tumia 1 kila unapoweza, rudi nyuma hata ukasimame koridoni. Chumba kikikataa kabisa tumia 0.5 lakini vitu vya duara viweke katikati na pembeni acha ukuta au pazia tu. Na kama ni nyumba ya kupangisha wageni hapa kuwa mkweli, mgeni akija akakuta chumba ni nusu ya alichokiona, maoni atakayoandika yatakugharimu kuliko picha ilivyokuingizia.

Mwanga kwenye skrini

Gusa kochi kwenye skrini, sio dirisha, simu itafokasi pale. Kitatokea kijua kidogo au mstari, kivute chini polepole mpaka uanze kuona nondo za dirisha na kidogo cha nje, afu simama hapo. Chumba kitakuwa na giza kidogo na ni sawa, giza unaweza kulinyanyua baadaye kwenye kuediti ila sehemu iliyoungua ikawa nyeupe hairudi. Washa HDR iwe otomatiki, ile inayounganisha picha za mwanga tofauti kuwa moja. Fleshi ya simu usiiguse kabisa, inatwanga katikati na kuacha kona giza, na kwenye taili inatoa duara jeupe baya.

Mwenye kamera kubwa mambo ni haya: lenzi ya milimita 16 mpaka 24 kwa fremu kamili (zenye sensa kubwa), au 10 mpaka 18 kwa zenye sensa ndogo, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, kamera juu ya stendi, spidi ndo ibebe mzigo hata ikienda sekunde nzima. Piga tatu bila kusogeza kitu, moja ya kawaida, moja ya giza kwa stopu 2 (hatua mbili za mwanga), moja ya mwanga kwa stopu 2, uziunganishe kwenye programu. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana.

Kila chumba piga aina tatu. Pana inayoonyesha chumba chote, usitoe zaidi ya mbili tatu. Ya kati, mfano nusu ya kochi na meza na kipande cha pazia. Afu za karibu, mshono, kishikizo cha kabati, kitambaa kinavyokutana na zulia, hapa tumia lenzi ya 2 kama unayo na sogelea. Hizi za karibu ndo zinauza ufundi, pana zinauza chumba.

Chumba cha kulala, jiko, choo

Chumba cha kulala simu ishuke zaidi, juu kidogo tu ya godoro, la sivyo kitanda kinakuwa bonde. Shuka ivutwe iwe haina hata mkunjo, chandarua kifungwe vizuri juu au kiteremshwe chote kwa mpangilio, kisiwe nusu nusu. Jikoni panda kidogo, uone uso wa kaunta, toa sabuni na masufuria, mtungi wa gesi ufichwe. Chooni kioo ndo adui, simama kwa ubavu mpaka usijione, funika sinki la choo, toa miswaki.

Nyumba za mawe za pwani

Nimeitenga hii sehemu kwa sababu Mji Mkongwe na Lamu wana wageni wengi na nyumba zake hazipigwi kama za Dar. Vyumba vya asili ni vyembamba na virefu, boriti za mikoko ndo zilikuwa zinaamua upana na zinaishia karibu mita 3 hivi, kuta ni nene za mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha madogo au mwanga unatokea kwenye kiwanda, yaani ule ua wa wazi katikati ya nyumba. Ukipiga kwa upana unapata ukuta tu. Simama mwisho wa chumba upige kwa urefu, boriti za darini zikuongoze jicho mpaka mwisho.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinataka subira. Ile lipu iliyochongwa ni nyeupe juu ya nyeupe, mwanga ukija kutoka mbele michoro yote inapotea. Subiri saa ambayo mwanga wa kiwanda unaparaza ukuta kwa ubavu, kila mchongo utoe kivuli chembamba, piga hapo, na punguza mwanga kidogo ili weupe usiungue. Kitanda cha samadari, kile cha asili cha miguu mirefu, kipigwe chini kidogo ya usawa wake ili urefu wa miguu yake uonekane. Mlango wa kuchonga pia ni mwanga wa ubavu, na futa vumbi kwenye mchongo kwa brashi ya rangi kavu.

Kuediti

Snapseed ni bure na inatosha. Fuata mpangilio huu usiruke. Kwanza nyoosha mistari, kuna zana ya kurekebisha mtazamo, hakikisha kuta ziko wima. Pili rangi, kwenye zana ya kusawazisha weupe kuna alama ya kidropa cha kuchagulia, iguse afu ilekeze kwenye kitu unachojua ni cheupe au cha kijivu, swichi ya ukutani ni nzuri sana kwa hii. Tatu nyanyua vivuli taratibu na punguza sehemu za mwanga mkali. Nne, futa kidoa kidogo kama tundu la msumari, basi. Kuongeza ukali wa rangi acha, kochi la kahawia likiwa la machungwa mteja ataletewa asilolitaka na hela itarudishwa. Kama unauza kitambaa, shika sampuli mkononi karibu na dirisha uilinganishe na skrini kabla ya kutuma.

Kabla hujarusha

Instagram kata wima, pikseli 1080 kwa 1350, inashika skrini kubwa kuliko ya kulala. Ndo maana nakushauri chumba hicho hicho kipige wima na kwa kulala, kukata baadaye kunaondoa vitu muhimu. Kwenye WhatsApp picha zinabanwa, chagua ubora wa HD, au kama ni picha za mteja za kuchapisha mtumie kama dokumenti zifike nzima.

Nyumba ya mtu omba ruhusa ya maandishi, hata meseji tu inatosha, na kabla ya kupiga toa picha za familia, vyeti vilivyotundikwa, barua zenye majina. Usionyeshe geti, namba ya nyumba wala kinachoonekana nje ya dirisha kikatambulisha mtaa, na lokesheni kwenye kamera izime. Mwenye nyumba mtumie picha azione yeye kwanza, akisema hii ya chumba cha kulala hapana, unaifuta.